Kwa Nini Anayeondoka Husema "Nakuja"

Mwalimu wenu wa Kiingereza yuko sahihi. Hilo tulimalize kwanza, asije mtu akasema bibi amewafundisha ukaidi. Mtu akiinuka kwenye kiti, akashika mlango na kutoka nje, kwa Kiingereza hawezi kusema "I am coming". Ameondoka, basi ameondoka. Ukiandika hivyo kwenye mtihani mwalimu anakutia kosa kwa kalamu nyekundu, na ana haki.

Lakini nyinyi mmeuliza kosa lenyewe limetoka wapi, na kwa nini kila mtu hapa kwetu, kuanzia kinyozi hadi mchungaji, huaga kwa neno la kurudi. Hapo mmeuliza jambo letu. Kaeni vizuri. Na wewe wa mlangoni, ama uingie ama utoke, unatuzibia mwanga.

Zamani, siku ambazo hapakuwa na sasa, watu walikuwa na nyakati mbili tu mdomoni, iliyopita na ijayo. Walikuwa na "li", walikuwa na "ta", basi. Mtu alilima au atalima. Alikula au atakula. Pale katikati, jembe likiwa mkononi na jasho likishuka, au tonge likiwa njiani kuelekea kinywani, hapakuwa na neno. Ukimkuta jirani amepinda mgongo shambani unamuuliza, "Ulilima?" Anajibu, "Sikulima." Unamuuliza, "Utalima?" Anajibu, "Sitalima." Angesemaje atalima, na jembe hilo hapo limezama udongoni? Mnaachana hivyo hivyo, kila mmoja akimwona mwenzake hamnazo.

Mapenzi ndiyo yalikuwa na taabu yake. Mume akimwambia mkewe "nilikupenda", mke anafunga mzigo anarudi kwao. Akimwambia "nitakupenda", mke anashika kiuno na kuuliza ni nini kilichomchelewesha. Nyumba ngapi zilivunjika kwa kukosa silabi moja!

Na mtoni je? Palikuwa na kijana mmoja aliyeteleza kwenye jiwe, maji yakamfika shingoni, akapiga kelele, "Nitazama!" Wa ukingoni akamwitikia bila kuinua kichwa, "Utazama lini?" Mnacheka. Haya, chekeni, tutarudi hapo.

Nchi nzima ilikuwa hivyo, ila mahali palipouma kuliko kwingine ni Igoko, kwenye chemchemi ya chumvi. Maji ya pale hutoka ardhini yakiwa machungu ajabu, hata ng'ombe huyalamba kidogo na kutikisa kichwa. Kila kiangazi watu walikuja, wakajenga vibanda vya nyasi, wakapanga mafiga, wakateleka vyungu vikubwa. Unamimina maji, unachochea kuni, maji yanapungua, unamimina mengine juu yake, unaondoa povu, unakoroga, unamimina tena. Jua linatua ukiwa hapo na linakukuta hapo asubuhi. Mwisho wake, kama hukusinzia, chungu kinakupa chumvi.

Sheria ya Igoko ilikuwa nyepesi. Maji ya chemchemi yalikuwa ya kila mtu, chumvi ilikuwa ya aliyeipika. Sasa niambieni, kile kilichomo chunguni muda wote ule, ambacho si maji tena na bado si chumvi, kilikuwa cha nani? Hakikuwa na neno, na kwa kuwa hakikuwa na neno, hakikuwa na mwenyewe.

Majiko nayo yalikuwa na mambo yake. Jiko lilikuwa lako maadamu uko pale. Aliyeondoka aliaga kwa kusema "nilikwenda", na aliyesema alikwenda, watu walimchukulia kweli alikwenda. Mwingine yeyote aliweza kukalia kigoda chake, akaongeza ukuni mmoja tu, na jiko likawa lake na la watoto wake. Ndiyo maana watu wa Igoko walipika kwa ukoo. Mama akichoka, binti anashika mwiko. Binti akienda kujisaidia, shangazi anakaa.

Kalunde hakuwa na shangazi, wala binti. Alikuwa na jiko. Na lilikuwa jiko! Lilikaa karibu kabisa na jicho la chemchemi, pale maji yanapotoka mazito kabla hayajachanganyika na tope la watu. Alilirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Yale mafiga matatu yalikuwa meusi mpaka yanang'aa. Mama mtu alipokuwa anakata roho, alimshika binti yake mkono akamwambia, "Nilipika. Utapika." Hakusema zaidi. Kalunde aliyabeba maneno yale mawili kama mtu aliyepewa mizigo miwili asijue aiunganishe kwa kamba gani.

Mume wake alikuwepo zamani. Kasanda jina lake, mchukuzi wa mizigo, mtu wa mabega. Asubuhi moja alijitwika pembe ya tembo, akafuata msafara wa pwani, na pale mlangoni alisema, "Nitakuja." Mvua zilinyesha zikakatika, zikanyesha zikakatika. Igoko nzima ilikuwa na wake wa namna hiyo, na neno "nitakuja" lilikuwa limechakaa pale hata watoto walilitumia katika mchezo, wakimaanisha kujificha.

Basi Kalunde alipika peke yake, na alipika vizuri. Chumvi yake ilikuwa nyeupe, kavu, haina mchanga, na mtu wa mbali akiitia ulimini alisema hii ni ya yule mwanamke wa jichoni. Alijua hivyo na hakujifanya hajui. Alitembea kifua mbele. Aliringa, na alikuwa na sababu ya kuringa, tena kuringa kwake ndiko kulikomfanya asisinzie pale wenzake walipokuwa wakipokezana.

Jiko la jirani yake lilikuwa la Mihambo. Msianze kumchukia mapema, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye wana wengi wenye nguvu, na kicheko chake kilisikika mpaka ng'ambo. Kitu kimoja tu cha ajabu kwake ni kwamba hakukanyaga mtoni. Maji ya kuoga aliletewa na wanawe. Ila jiko la Kalunde alilitamani wazi wazi, na wala hakumficha.

"Dada Kalunde," alimwambia kila asubuhi, "utalala lini?"

"Nitalala siku nitakayozikwa."

"Siku hiyo nitakalia kigoda chako."

"Utakalia majivu ya moto, na utajua."

Wanacheka wote wawili. Halafu Mihambo anageuka kutazama jicho la chemchemi, na Kalunde anamtazama yeye anavyolitazama.

Kiangazi kimoja kilikaribia mwisho, na mawingu yalianza kujikusanya upande wa magharibi mapema kuliko kawaida. Kalunde alikuwa na chungu cha mwisho motoni, kikubwa kuliko vyote. Povu lilikuwa limekwisha. Ukingoni palikuwa pameanza kuganda utando mweupe, ile dalili anayoipenda kila mpika chumvi. Siku hiyo upepo ulivuma kwa fujo, ukala kuni zake kama mgeni mwenye njaa. Alipopeleka mkono nyuma kuchukua ukuni, akashika hewa.

Kuni zaidi alikuwa nazo. Alizikata mwenyewe, akaziacha porini, ng'ambo ya kijito, zimefungwa vizuri. Kwenda na kurudi si mbali. Lakini chungu kilichofika hapo hakingojei. Moto ukizimika, ule utando hushikana na udongo, chungu hupasuka, na kila kitu humwagika. Kama haendi, anapoteza chumvi. Kama anakwenda, anapoteza jiko la mama yake.

Akawaza maneno ya kusema. Aseme "nilikwenda"? Mihambo atakuwa juu ya kigoda kabla hajavuka kijito. Aseme "nitakwenda"? Miguu tayari inatembea, huo ni uongo, na uongo pale chemchemini ulikuwa na adhabu yake. Aseme "nitakuja"? Akaona mlango wake, na mabega ya Kasanda yanatoka. Hapana. Kwa neno hilo hakuna mtu Igoko angekulindia hata kijiko.

Sasa palikuwa na desturi moja pale. Msimu ulipofunguliwa, kila mpishi alisimama mbele ya mtemi akataja vyake kwa sauti: nina chungu, nina mwiko, nina mafiga, nina mbuzi. Na ulichokitaja kwa "nina" hakikuguswa, hata kama uko mbali nacho. Mbuzi wako akiwa malishoni bado ni wako, ingawa hujamshika mkia. Watu walikuwa wakisema "nina" tangu enzi na enzi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa na kitu kisichoshikika.

Kalunde akainuka. Akafunga kanga—hapana, siku zile hazikuwepo kanga, akafunga ngozi yake kiunoni, akasema kwa sauti iliyofika kila jiko:

"Mihambo! Nina kuja!"

Mihambo akageuka. "Una nini?"

"Nina kuja. Na nina kupika. Vyote viwili ni vyangu, nilivitaja mbele ya watu. Usiviguse."

Akakimbia.

Loo, walivyocheka! Watu waliacha miko ikielea. "Mtu ana mbuzi," akasema mmoja. "Mtu ana chungu. Huyu ana kuja! Kuja kwake kutazaa lini tukakamue maziwa?" Mihambo alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono mzima. Halafu kicheko kikaisha, kama vicheko vyote, na akaona chungu kiko peke yake, na utando mweupe ukingoni, na kigoda kitupu, na jicho la chemchemi likibubujika hatua chache tu kutoka hapo.

Akaenda akakaa. Akawaita wanawe walete kuni. Tumpe haki yake, moto aliutunza vizuri, wala hakuuacha upungue.

Kalunde aliporudi, mzigo kichwani, pumzi juu juu, magoti yamechubuka kwa kuanguka kijitoni, alikuta moto unawaka ambao si wake.

"Ulikwenda, dada," Mihambo akasema kwa upole.

"Sikukwenda."

"Hiyo miguu ya nani basi iliyovuka kijito?"

"Miguu ilikwenda. Mimi nilikuwa na kuja, na niliwaambia."

Wana wa Mihambo wakaanza tena kucheka. Kalunde hakupiga kelele, hakunyang'anya mwiko. Alitua kuni zake karibu na mafiga, akakaa chini kwenye vumbi, ng'ambo ya moto, uso kwa uso na Mihambo, akasema hataondoka mpaka mtemi aje. Alikuwa amechoka na alitaka kulia. Alijizuia, kwa sababu mbele ya mafiga ya mama yake hakuwahi kulia hata siku ya mazishi.

Mtemi Ilonga hakuwa mbali, alikuwa amekuja kufunga msimu. Alifika na wazee wake wawili, na majiko yote yakabaki na watoto, kwa sababu wakubwa wote walitaka kusikia kesi ya mwanamke aliyekuwa na kuja.

"Kalunde," mtemi akasema, "kitu hiki cha chunguni, ulikipika?"

"Hapana, Mtemi. Sikukipika."

"Basi utakipika."

"Hapana, Mtemi. Sitakipika."

Watu wakaguna. "Alijimaliza mwenyewe huyo," mama mmoja akanong'ona, na kweli mtu yeyote pale angedhani hivyo.

"Kama hukukipika na hutakipika," mtemi akasema, "basi ni maji. Na maji ni ya wote."

"Mtemi aonje."

Mtemi akachovya kidole, akakitia ulimini. Uso ulimkunjamana, akatema pembeni, mzee mmoja akamkimbilia na kibuyu cha maji ya kunywa.

"Ni maji?" Kalunde akauliza.

"Si maji," mtemi akasema, machozi yakimlengalenga.

"Ni chumvi?"

Mtemi akatazama kidole chake. Kilikuwa kinadondosha. "Si chumvi."

"Basi ni nini, Mtemi?"

Mtemi hakuzoea kuulizwa, yeye ndiye muulizaji. Alifungua mdomo akaufunga. Hapakuwa na neno, na watu wote walimwona mtemi wao akilitafuta na kulikosa.

"Ni kupika kwangu," Kalunde akasema. Hapo sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya kifua mbele. "Nina kupika. Nina chungu, nina mwiko, nina kupika. Mbuzi wangu wa malishoni ni wangu, hata kama sikumshika. Kupika kwangu ni kwangu. Na kuja kwangu ni kwangu, hata kule porini."

Mihambo akajiinua nusu kwenye kigoda. Ukweli ni kwamba aliona watu wameanza kutikisa vichwa vya kukubali, na hilo lilimtia moto.

"Mtemi, alinipa mgongo! Kila mtu hapa ni shahidi. Uso wake ulikuwa porini, mgongo wake ulikuwa hapa. Mtu wa namna hiyo ana kwenda! Hana kuja, ana kwenda!"

Watu wakatazamana.

Mlisikia alichosema? Yeye hakusikia mara moja. Watu walisikia. "Ana kwenda." Hakuna mtu aliyewahi kutamka hivyo tangu ardhi ikauke, na sasa Mihambo, mpinzani wa neno lenyewe, alilitoa kinywani bila hata kujikwaa. Kwa sababu alikuwa amemwona Kalunde kwa macho yake akiwa katikati ya kwenda, na neno la kitu alichokiona lilikuwa hilo tu.

Kalunde akamjibu haraka, "Na kuni zilikuwa wapi, Mihambo? Zilikuwa huko porini! Ningekuja na nini kama nisingekwenda? Kila hatua niliyokwenda ilikuwa ya kuja."

 Mihambo alikuwa bado anasikia neno lake mwenyewe. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, ana kwenda, ana kwenda, na rangi ya uso wake ikaanza kubadilika. Watu wakadhani anaumwa.

"Dada," akasema mwishowe, na haikuwa ile sauti ya utani. "Mdogo wangu Kapela. Yule wa mtoni."

Kila mtu akainama. Mnakumbuka yule kijana aliyeteleza kwenye jiwe? Nyinyi mlicheka, na wala siwalaumu, hata Igoko watu walicheka miaka mingi, ila hawakucheka Mihambo akiwa karibu.

"Alisema nitazama," Mihambo akasema. "Nilimsikia vizuri kabisa. Wavu ulikuwa mikononi mwangu, fundo moja lilibaki. Nikamwuliza, utazama lini? Nikafunga lile fundo. Nilipoinua kichwa palikuwa na maji tu." Akamgeukia Kalunde. "Angesema nini, dada? Angesema nini, ili niutupe ule wavu?"

Kalunde, ambaye hakuwahi kukosa jibu la Mihambo hata asubuhi moja, aliinua macho kutoka motoni. Akamtazama mtu yule mnene amejikunyata juu ya kigoda cha mama yake, na hasira yote aliyokuja nayo ikamwishia.

"Angesema, 'Nina kuzama,'" akamjibu taratibu.

"Nina kuzama," Mihambo akarudia. Akalia. Alilia kwa sauti mbele ya mtemi na wanawe, na hakuna aliyemnyamazisha, kwa sababu kila mtu pale alikuwa akifikiria maneno aliyowahi kuyasikia yamechelewa au yamewahi mno.

Alipomaliza, akainuka. Akakipangusa kigoda kwa kiganja chake, pande zote, akakizungusha mpaka upande wa Kalunde, akakiweka chini. Akachukua mwiko akampa kwa mikono miwili.

"Kaa, dada," akasema. "Una kupika."

Mtemi hakuwa ametoa hukumu bado. Wazee wake walimtazama, na yeye alikuwa na akili ya kutosha kuona kwamba kesi imekwisha bila yeye. Akasimama, akatangaza kwamba tangu hapo kila mtu mwenye kazi mkononi ana kazi yake, kama vile mwenye mbuzi ana mbuzi wake. Kitu kilicho katikati kina mwenyewe. Na anayeondoka akisema ana kuja, kigoda chake kisikaliwe, na moto wake uchochewe na jirani mpaka arudi.

Watu wakatawanyika kwenda kwenye vyungu vyao. Mihambo na wanawe walikaa na Kalunde, wakimletea kuni, mpaka utando mweupe ulipotoka ukingoni ukafika katikati na mwiko ukaanza kukwaruza. Ilikuwa chumvi nzuri kuliko zote alizowahi kupika. Akachukua ya kwanza kwa vidole vitatu, akainyunyiza juu ya mafiga, moja baada ya jingine. Mama alisema nilipika, alisema utapika, na katikati ya maneno yale mawili palikuwa pamebaki pengo miaka yote. Kalunde aliinama akalijaza.

"Nina kupika, mama," akasema. Akainua kichwa, na wanawe Mihambo walimwona anatabasamu kwa majivuno, na chumvi puani.

Neno lile halikubaki Igoko. Chumvi husafiri, na neno lilisafiri ndani ya vikapu vyake. Watu wenye haraka walilibana, "nina kupika" ikawa "ninapika", na wenye haraka zaidi wakaibana tena ikawa "napika". Waume walikimbia nyumbani kujaribu "nakupenda", na wake waliokuwa wamefunga mizigo wakaifungua. Mihambo akaanza kushuka mtoni. Alikusanya watoto wote wa majiko ukingoni, na kabla ya kuwafundisha kuogelea aliwafundisha kupiga kelele, "Ninazama!" na akawarudisha nyuma mmoja mmoja mpaka kila mtoto alilitamka kwa nguvu. Halafu ndipo aliingia nao majini.

Na tangu siku hiyo, hapa kwetu, ile "na" ndogo hukaa tumboni mwa kitenzi, kati ya mtu na kazi yake, kuonyesha kwamba wako pamoja. Na tangu siku hiyo, anayeondoka huaga kwa kusema "nakuja". Ukiona mgeni anashangaa, mwambie kuna moto nyuma ya mtu huyo, na yeye amekwishaanza kuurudia.

Sasa Kiingereza. Nacho kina heshima yake, na neno la katikati wanalo, ila walilipata kwao, kwa njia zao. Wao humpa mtu "am" au "is" au "are" mbele, halafu wanakining'inizia kitenzi "ing" nyuma. Vyote viwili, msisahau kimoja. Ukisema "I coming" umeacha mafiga, chungu kitaanguka. Jambo likiwa la jana, wanabadilisha la mbele tu, "I was cooking", na mkia wanauacha pale pale. Na msiwapelekee "I am knowing", hawasemi hivyo. Sisi twasema "ninajua", kwa sababu Kalunde alitufundisha kwamba hata kujua ni kitu unachokuwa nacho. Wao kujua kwao hakuna katikati, ama unajua ama hujui, na kwao wao ndio wenye nyumba. Na wakisema "coming" wanatazama miguu ya mtu imeelekea wapi. Kwa hiyo darasani, mtu akitoka, andikeni anavyotaka mwalimu, mpate alama zenu, na muandike kwa mwandiko mzuri. Lakini mkipata kosa kwa sababu ya "nakuja", msiinamishe vichwa kana kwamba mmeokota ujinga barabarani. Kosa hilo lina mama, lina jiko, na lilishinda kesi mbele ya mtemi.

Haya, nasikia maharage yangu yanashika chini. Nakuja. Na ole wake nitakayemkuta amekalia kigoda changu.